Tembo Kwenye Mlango wa Jiko

Kilosa, Jumamosi, jua linaelekea kuzama

Zuhura binti yangu,

Katika ukoo wetu wote, tangu babu yangu ashuke hapa na reli akitokea Tabora, mtu aliyesema Kiingereza mpaka tembo akatii ni mmoja tu, naye ndiye anayekuandikia.

Haya, cheka umalize. Najua Mzee Selemani amekwisha nianika mbele yako wiki hii, na hadithi ile haina tena pa kujificha. Tembo hakutii. Mimi nilikuwa juu ya mnara wa tangi la maji, nimelikumbatia bomba kama mtoto aliyeamshwa na ndoto mbaya, na maneno yenyewe niliyasema kwa sauti ya kumwomba radhi. Lakini miaka yote nimekuwa nikianza na majigambo, na mkono umezoea. Mzee hawezi kupita mbele ya uongo wake wa zamani bila kuusalimia.

Mama yako yuko jikoni, anakukaangia maandazi ya njiani. Chandarua, maji ya kuchemsha, namna ya kuishi na mwenye nyumba, wali usiutie chumvi mara mbili: hayo ni yake, na akisahau moja atakupigia simu kesho kabla basi halijafika Zombo. Mimi nimeomba nisipangiwe zamu hiyo. Ninalo jambo langu moja. Mdomo umelishindwa, mdomo huu huu unaosifika mtaa mzima, ndiyo maana nimechukua kalamu. Mwandiko uuvumilie. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nimekaa karibu na dirisha.

Jana jioni, ulipokuwa unapiga pasi, uliniuliza: "Baba, naweza kumtumia tembo wako kufundishia wanafunzi?" Nami nikajibu, "Nitafikiria," nikatoka nje kama mheshimiwa aliyeombwa barabara. Nilikuona ulivyoinamia pasi. Ulidhani umeniumiza. Barua hii ndiyo jibu lako, ila jibu lenyewe lina njia ndefu, maana mimi nikisema kwa kifupi huwa nasema uongo.

Nianze na mama yako. Mwaka tuliooana, mto ulipanda ukaubeba mpunga wetu wote, na shamba likabaki tope tupu. Nikasikia kule Mikumi, huko huko uendako kufundisha, kuna kambi ya watalii inatafuta watu wa kuchota maji na kuosha vyombo. Nikaingia ndani, nikafunga kifurushi, nikamwambia mama yako: "Nakwenda Mikumi."

Akaniuliza, "Kwa sababu gani? Mpaka lini?"

Nikamjibu, "Nakwenda."

Nilidhani mwanamume ni yule anayesema kidogo. Kumbe nilikuwa na sababu yangu, nzuri tu: niliona aibu kumtazama mke niliyemwoa kwa kumsifia shamba ambalo sasa lilikuwa limekwenda na maji. Kama ningesema hivyo, angenifungia na chakula cha njiani. Sikusema. Yeye akakaa hapa na majirani wakimwambia kwamba mume wake amemkimbia, naye hana neno la kuwajibu, kwa sababu neno hilo nililiondoka nalo mimi. Niliporudi alinipikia, akanitazama nikila, na nilipomaliza akasema, "Siku nyingine ukiondoka, maliza maneno."

Basi wewe ndiye unayeondoka kesho, lakini anayetakiwa kumaliza maneno ni mimi.

Kazi yenyewe kule niliipata hivi. Msimamizi wa kambi aliniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikasema, "Yes." Akauliza la pili. "Yes." Akauliza la tatu, akinitazama kwa macho makali kidogo. Nikaona kusita ni kujiharibia, nikasema "Yes" kubwa kuliko zote. Akacheka mpaka akakaa, akaniandika kazi. Mpishi wa kambi alikuwa Selemani huyu huyu, wakati huo kijana wa Zombo, aliyekijua Kiingereza cha jikoni. Aliniita pembeni, akaniambia, "Ndugu, la kwanza amekuuliza kama una nguvu. La pili, kama unaamka mapema. La tatu, kama huwa unalewa kazini. Umekubali, lakini umekubali kwa adabu."

Hapo ndipo utani wetu ulipoanza. Mimi Mnyamwezi, yeye Msagara, na tangu enzi za misafara ya miguu, sisi tukibeba mizigo, watu wetu ni watani: ana ruhusa ya kunisema atakavyo, hata msibani, nami sina ruhusa ya kununa. Ukimnunia mtani umeshindwa, na utatoa kuku.

Tembo wa kambini ulimjua kwa sifa kabla hujajua kuhesabu. Niliporudi likizo na kumsimulia mama yako, na baadaye nyinyi watoto, nilisema hivi: tembo alivamia jiko, wote wakakimbia, mimi nikasimama nikamwambia "Go back!", na tembo akageuka akarudi porini. Kwa nini Kiingereza? Kwa sababu tembo wa Mikumi wamezoea watalii, Kiswahili hawakielewi. Wewe ulikuwa unanisikiliza mdomo wazi. Ukaanza kwenda nyuma ya nyumba kuwaambia mbuzi "Go back!", na mbuzi wakawa wanakutii kuliko tembo alivyonitii mimi. Ukataka maneno mengine. Mimi sikuwa nayo, nikakuambia yatakuja shuleni. Nawe ukayafuata shuleni, ukayafuata sekondari, ukayafuata mpaka chuo cha ualimu. Mtoto ametumia nusu ya maisha yake akifuata maneno mawili ya mwongo aliye juu ya tangi.

Sasa nikupeleke mahali ambapo sijawahi kurudi.

Siku walipokuja wageni wa posa ya dada yako Mwanaidi, ulikuwa darasa la sita. Wazee walikuwa wamekaa barazani kwa heshima zao, na mimi nilikuwa katikati, nimevaa kanzu ya kuazima na maneno ya kuazima, maana nilikwisha watajia wakwe kwamba nimefanya kazi na Wazungu. Ukaja na birika la maji ya kunawa. Ukaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wakaitika marahaba. Ulipofika kwangu ukasimama wima, ukanitazama usoni, ukasema sentensi ndefu ya Kiingereza. Ilikuwa ndefu kweli, ilipanda ikashuka, na mwishoni ukaipandisha tena, nikajua ni swali.

Nami nikacheka. Nikapiga paja, nikawaambia wageni, "Sikieni, jamani! Kiingereza cha mlenda hicho, kinateleza!" Wageni nao wakacheka, wamcheke nani kama si mtoto wa mwenye nyumba. Wewe ukamaliza kuninawisha. Maji yalitosha, hukumwaga hata tone. Ukarudi ndani, na toka siku ile sijakusikia ukisema Kiingereza mbele ya watu. Ulikiandika tu. Walimu wako walikuwa wakiniambia, "Zuhura anaandika vizuri, lakini darasani hafungui mdomo," nami nikitikisa kichwa kama mtu asiyejua mdomo ule ulifungwa na nani.

Wewe ulidhani umekosea. Nimeliona hilo katika bega lako, linavyopanda kila unapotaka kusema. Zuhura, hukukosea. Hata kama ulikosea, mimi ningejuaje? Sikuelewa hata neno moja. Kiingereza changu chote kilikuwa maneno mawili, nayo nilikwisha mpa tembo. Kama ningenyamaza, wakwe wangejua. Kama ningejibu "Yes," nilikwisha jifunza kambini mambo ya "Yes."

Nilicheka kwa sababu sikuelewa.

Umeiona? Wiki hii umenifundisha kwamba sentensi kama hiyo ni changamano: kuna kipande kinachosimama chenyewe, na kipande kinachoning'inia, kisicho na maana mpaka kishikwe na mwenzake. Nimeitunga mwenyewe, bila msaada wa kitabu. Ila mimi nilikukatia vipande. "Nilicheka" nikakuachia wewe, ukae nacho miaka yote ukikigeuzageuza peke yako. "Kwa sababu sikuelewa" nikaondoka nacho, kama nilivyoondoka na sababu ya mama yako.

Mpaka leo sijui uliniuliza nini. Na kama unakumbuka, usiniambie. Nimekwisha kuliweka kuwa swali kubwa la ajabu, nitahuzunika nikisikia ulikuwa unauliza kama maji ni ya moto.

Wengine watasema ule ulikuwa utani tu. Mimi ni mtaalamu wa utani, kwa hiyo niachie nitoe hukumu. Utani ni wa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusimama peke yake. Mimi na Selemani tukigombana, akiondoka yeye nabaki mtu kamili, nikiondoka mimi anabaki mtu kamili, na kinachotuunganisha ni kakitu kadogo tu, kama ile "na" yako ya kuungia sentensi, au ile "lakini." Mtoto wa darasa la sita mwenye birika mkononi atamrudishia nini baba yake mbele ya wakwe? Huo haukuwa utani. Nilikuwa napiga ngoma ambayo hairuhusiwi kulia.

Ndiyo maana Jumanne iliyopita sitaisahau.

Jumatatu mwalimu mkuu wa shule uendayo atakaa nyuma ya Kidato cha Kwanza akusikilize ukifundisha sentensi za Kiingereza. Nafasi ya mwalimu wa kujitolea ni moja, na akiona umeganda atakushukuru vizuri na kumwita mwingine. Ulituambia hivyo kwa sauti ndogo, kisha ukaufuta mlango wa jiko, ukashika chaki, ukatukalisha kwenye mkeka: mama yako na beseni lake la bamia, mimi, na Selemani aliyekuja kuomba ugoro akajikuta mwanafunzi. Ukaandika mlangoni habari za mvulana aliyepiga mpira. Ukasema hiyo ni sentensi sahili, ina jambo moja, inajitosheleza. Kisha sauti ikakatika. Bega likapanda. Chaki ikavunjika mkononi. Kuku akapita katikati ya darasa akiangalia huku na huku kama mkaguzi, na mimi nikawa na mzaha mzuri sana juu ya huyo kuku. Mama yako akanifinya kabla haujatoka. Alinifinya na kucha.

Selemani ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyo mvulana wa mpira simjui. Tuletee mtu tunayemjua."

"Kama nani, babu?"

"Kama huyu mbeba mizigo aliyekaa hapa. Andika: tembo alikuja."

Ukaandika. Ikasimama yenyewe. Ukauliza, "Halafu ikawaje?"

"Nikamwambia arudi," nikasema upesi. "Kwa Kiingereza."

"Muulize alikuwa wapi," akasema Selemani.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale wapi?"

"Upande wa jikoni."

"Juu ya tangi!" Selemani akasimama kabisa. "Mimi ndiye niliyekuwa jikoni, nimeshika sufuria na mwiko, nagonga mpaka masikio yanauma! Tembo amekula ndizi zote, akachokonoa maganda, akashiba, akaondoka kwa wakati wake. Huyu yuko juu kule, ndala moja imeanguka, ananong'ona!"

Mama yako akaacha bamia. "Ndala moja? Baba Zuhura, si uliniambia ilichukuliwa na mto?"

Nikakutazama wewe. Sikuwaogopa wale wawili hata kidogo, mmoja mtani na mwingine mke, wote wamekwisha niona. Nilikuogopa wewe. Nilijua umejenga nyumba nzima juu ya tembo yule, na sasa msingi ulikuwa unachomolewa mbele ya macho yako.

Nawe ukacheka. Si cheko la adabu. Ulicheka mpaka ukaegemea mlango, na mgongo wa gauni ukachapika sentensi. Kisha ukageuka, ukaandika haraka haraka kwamba tembo alikuja na baba akakimbia, ukasema hiyo ni ambatano, mambo mawili yaliyoungwa na kila moja lina miguu yake. Ukaandika kwamba tembo alipokuja, baba alipanda tangi, ukasema hiyo ni changamano, kwa sababu "tembo alipokuja" haiwezi kubaki peke yake, inaning'inia inasubiri.

"Kama yeye kule juu," akasema Selemani.

"Kama yeye kule juu," ukasema nawe, kwa Kiingereza, kwa sauti, ukinielekeza chaki usoni. Ukachora tembo. Ukachora tangi. Ukanichora mimi na mguu mmoja peku. Ukaniuliza kwa Kiingereza swali refu linalopanda na kushuka, na nilipojikuna kichwa ukanisimamisha kwenye kona kwa kutosoma. Watoto wa jirani wakajaa kwenye ua. Mama mwenye duka akaacha duka. Bega lako lilikuwa chini, na wewe mwenyewe hukujua.

Nilisimama kwenye kona yangu, mzee mzima, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku nilipopata kazi ya "Yes." Mwanangu alikuwa amenirudishia. Tulikuwa watu wawili.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Mchukue tembo. Mchukue na tangi, na ndala, na ndizi. Niweke kule juu mbele ya Kidato cha Kwanza kizima na mwalimu mkuu akiwa nyuma. Mvulana wa mpira mwache kitabuni. Watoto wa Mikumi watakaa mbele yako Jumatatu kama abiria waliopanda basi lisilo lao, wametoka shule za Kiswahili juzi tu, na hawatajua washukie wapi. Lakini tembo wanamjua. Amelala katika mahindi ya baba zao. Kila mmoja ana tembo wake nyumbani na mtu wake aliyekimbia, na wakianza kukusimulia utakosa nafasi ya kuandika.

Na ukisikia mmoja anacheka kule nyuma wakati unasema, usipandishe bega. Mtazame vizuri. Huenda ni baba yako, ameshika paja, haelewi kitu, na anaogopa wageni watajua. Mrudie, useme tena polepole.

Sasa ninakudai. Nimekuwa mwanafunzi wako siku nne mfululizo, nikasimamishwa kwenye kona ya nyumba yangu mwenyewe, na mlango wa jiko hauruhusiwi tena kufutwa kwa sababu mama yako amempenda tembo yule, anasema anafanana na shangazi yangu. Malipo ninayotaka ni madogo.

Jumatatu, kabla hujanipandisha tangi, andika kwanza sentensi mbili sahili, moja chini ya nyingine. Ya kwanza: baba alimwambia tembo maneno mawili. Ya pili: tembo alirudi. Zote mbili ni kweli, hata Selemani ataapa. Ukiondoa ile ya kusimama, miaka yote sikuwahi kusema zaidi ya hizo. Kuunga mliunga wenyewe.

Ziache hapo ubaoni bila kiungo, kwa muda tu wa kupangusa chaki mikononi. Mtoto mmoja, labda wa dawati la mbele, mwenye macho kama yako ulipokuwa ukifukuza mbuzi, ataziunga kwa "kwa hiyo." Usimsahihishe hapo hapo. Mwache anitazame kidogo nimesimama chini, mbele ya jiko, na tembo anageuka.

Halafu nipandishe.

Baba yako